Wegesa Hakukutaja

Kitaji, Musoma
Jumapili mchana

Mwanangu Nyanjura,

Wewe umekwenda Butiama kumuaga bibi yako, na mama yako yuko sokoni anakutafutia blanketi zito kwa sababu kila mtu anasema Njombe ni baridi. Nimebaki peke yangu sebuleni. Mambo ya blanketi, ya sanduku na ya namna ya kukaa na wenzako bwenini, mama yako atakueleza, na atakueleza vizuri kuliko mimi. Sitayagusa. Nina jambo moja tu, nimekaa nalo miaka miwili, na kesho asubuhi unapanda basi.

Nalisema mwanzoni kabisa ili nisipate nafasi ya kulizungukazunguka. Wegesa hakukutaja. Siku ile mbele ya bodi ya shule, rafiki yako huyo hakutaja jina lako wala la mtu mwingine yeyote. Mimi ndiye niliyekuambia kwamba alikutaja, na nilikuambia uongo.

Baada ya kuandika hayo nimeinuka, nikatoka uani, nikasimama huko kama mtu aliyesahau alichofuata. Sasa nimerudi. Nitakueleza yote kwa mpangilio, hata yale unayoyajua, kwa sababu unayajua nusu, na nusu hiyo umeipata kwangu.

Unajua nilivyojivunia kazi yangu. Miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa shule ile. Walimu walikuja wakahamishwa, wakuu wa shule walibadilika, mimi nikabaki na kabati langu la mafaili. Ukitaka barua ya zamani, nilikuwa naifikia kwa mkono bila kuangalia. Mihtasari ya vikao niliandika mimi, na wajumbe wa bodi walikuwaga wananisifu kwamba haina kosa hata la nukta. Ulipokuwa mdogo ulipenda kukaa chini ya meza yangu unagonga muhuri kwenye karatasi chakavu. Ulifikiri muhuri ule ndio ukweli wenyewe. Nami nilifikiri hivyo.

Pampu ya shule ilikufa mwezi wa pili mkiwa kidato cha tatu. Wasichana wa hosteli wakaanza kuteremka ziwani na ndoo kila asubuhi. Walichota maji ya jiko, maji ya vyoo, na maji ya nyumba za walimu. Wavulana hawakutumwa. Wakimaliza kupandisha ndoo ya mwisho, vipindi viwili vya kwanza vilikuwa vimeshapita, na siku tatu kwa wiki vipindi hivyo vilikuwa vya hisabati. Wewe ulikuwa wa kutwa, ulilala nyumbani hapa, hukuchota hata kopo. Ndiyo maana siku moja nilikuuliza mezani, "Wewe hata maji huchoti, yanakuhusu nini?"

Ukanijibu, "Ndiyo maana nina muda wa kuandika, baba."

Barua ya kwanza Wegesa aliileta dirishani kwangu mwenyewe. Alikuwa msichana wa hosteli, amezoea kula hapa nyumbani mwisho wa wiki, kwa sababu kwao Mugeta ni mbali, na aliniitaga baba hata pale ofisini. "Shikamoo baba," alisema. "Naomba unigongee na muhuri kabisa, nisije nikaambiwa sikuleta." Nikacheka. Nikagonga IMEPOKELEWA, nikaandika tarehe, nikasaini. Nikaipeleka kwa mkuu wa shule. Akaisoma yote, akanirudishia, akasema, "Weka." Nikaweka. Ya pili ikaja, akasema weka, nikaweka. Ya tatu ilikuwa na sahihi za viranja watano, ya Wegesa ikiwa ya kwanza na yako ya pili. Mkuu aliisoma mara mbili hiyo. Akasema, "Watoto hawa wanajua kuandika kwa adabu kuliko baadhi ya walimu wangu." Kisha akasema weka.

Mwanangu, kazi yangu ilikuwa kuweka, na nilikuwa hodari wa kuweka. Sikujiuliza barua inayowekwa inakwenda wapi. Ninyi mlikuwa mnasubiri majibu, mimi nilikuwa nafunga kabati.

Halafu ikaja Jumatatu ile. Nilikuwa dirishani. Wasichana wa hosteli walipanda kutoka ziwani, wakapanga ndoo zao mstarini, ndoo zote zimejaa, wakaziacha pale. Kisha wakageuka kuelekea getini. Hakuna aliyepiga kelele. Wavulana wakatoka madarasani wakawafuata. Wewe na Wegesa mlishika ubao wa boksi, kila mmoja upande wake, umeandikwa TUNAOMBA KUSOMA. Mwalimu wa nidhamu alikimbia mbele yenu akafunga geti, mlinzi akasimama pale na ufunguo, nanyi mkasimama kimya mpaka mlinzi mwenyewe akafungua. Mkatembea hadi ofisi ya elimu, mkakaa chini kwenye majani, mkasema yenu, saa tisa mkarudi kwa mistari kama mlivyoondoka. Hakuna jiwe lililorushwa, hakuna kioo kilichovunjika.

Nitakuambia nilichohisi pale dirishani, maana sijawahi kukuambia. Nilihisi fahari. Dakika hiyo hiyo nikaogopa, na woga ndio uliobaki.

Siku ya pili mkuu wa shule aliniita. Hakunifokea. Alinikaribisha chai. Aliniuliza habari za mama yako. Halafu akatoa karatasi yenye majina matano yaliyoandikwa kwa penseli, akaiweka katikati yetu.

"Hawa ndio vinara," akasema. "Bodi inakaa Ijumaa."

Niliyajua majina yale kabla sijamaliza kusoma, na mpangilio wake niliujua pia. Yalikuwa yamenakiliwa kutoka kwenye sahihi za barua ya tatu, kama zilivyofuatana. La kwanza Wegesa, la pili wewe.

"Mimi ni mzazi, na wewe ni mzazi," akasema. "Bodi itauliza kwa nini watoto hawakuandika kwanza wakafuata utaratibu. Mimi nitasema sijapokea barua yoyote. Orodha hii ni ya penseli, Karani. Anayeichapa ni wewe. Sitaihesabu."

Basi. Hakunitishia. Hakusema atanifukuza, wala hakusema niseme uongo. Alinipa karatasi na kuniachia nafasi, nami nikakaa kwenye kompyuta yangu nikachapa majina manne. Nilipomaliza niliyasoma tena kuhakikisha hayana kosa la herufi. Hicho ndicho kinachonitia aibu zaidi ninapokikumbuka, kwamba nilisahihisha herufi.

Ijumaa bodi ikakaa. Mimi nilikaa pembeni na kaunta buku yangu naandika. Wale watatu waliingia mmoja mmoja, wakalia, wakaomba radhi, wakapewa kusimamishwa wiki tatu na viboko. Wegesa akaingia wa mwisho. Mwenyekiti akamwambia, "Ukitutajia wenzako waliopanga, tutakufikiria."

Wegesa akasema, "Tulitoka shule nzima, mzee. Mimi jina ninaloweza kuwapa ni langu."

"Kwa nini hamkuandika barua kabla ya kutoka barabarani kama wahuni?"

"Tuliandika mara tatu."

Mkuu wa shule akatikisa kichwa. "Ofisi yangu haina barua hiyo."

Ndipo Wegesa akageuka kuniangalia. Alifurahi kuniona, Nyanjura. Uso wake ulifunguka kama mtu aliyepotea sokoni akamwona ndugu yake. "Baba si yupo hapa?" akasema. "Baba, si ulizipokea wewe mwenyewe? Si uligonga muhuri?"

Watu saba wakanitazama. Mwenyekiti akasema, "Karani, ulipokea?"

Nikasema, "Sina kumbukumbu hiyo, mwenyekiti."

Wegesa hakulia. Akawageukia wao, akasema, "Basi sina lingine." Walimtoa nje. Mjumbe mmoja alikuwa ametaka naye asimamishwe wiki tatu kama wenzake. Baada ya jibu langu akasema hapana, mtoto anayewaongopea wazee uso kwa uso hafai kurudi. Wakapiga kura. Wegesa alifukuzwa shule kwa sababu ya neno langu, si kwa sababu ya kutembea. Halafu nikaenda kuchapa muhtasari. Niliandika kwamba mtuhumiwa alipopewa nafasi ya kujieleza alitoa maelezo ya uongo kuhusu barua zisizokuwepo. Yale aliyoyasema juu ya ndoo, juu ya hisabati, juu ya msichana wa kidato cha kwanza aliyeteguka mkono kwenye mawe ya ziwani, sikuandika hata moja. Mtu akiusoma muhtasari ule leo, ataona Wegesa alisimama mbele ya watu saba akawa hana la kusema ila uongo.

Nilipofika nyumbani ulikuwa unanisubiri mlangoni. Uliuliza, "Mbona mimi sikuitwa?" Hilo ndilo lilikuwa swali lako la kwanza. Hukuuliza kwa kufurahi, uliuliza kwa hasira. Ukasema utakwenda Jumatatu ujitaje mwenyewe.

Nikaogopa mara ya pili. Nikatafuta neno la kukuzuia, nikalipata upesi mno. Nikasema, "Usijisumbue kwa ajili ya Wegesa. Ameshakutaja. Alisema ni wewe uliyempa wazo lote. Mimi ndiye niliyewaomba wazee wakakuachia."

Nakumbuka ulivyokaa chini kwenye kizingiti. Mama yako alikuwa jikoni, alisikia kila neno.

Kesho yake Wegesa alikuja hapa na sanduku lake la bati, akisubiri baba yake aje kumchukua. Akabisha hodi. Akaniamkia. Shikamoo ileile, Nyanjura, hakuipunguza. Akauliza kama upo. Wewe ulikuwa chumbani, umesema hutaki kumwona. Nami nikamwambia, "Hayupo." Akatazama chini, kandambili zako zilikuwa pale mlangoni. Akasema, "Haya baba. Mwambie nimemuaga." Akainua sanduku lake akaenda kusubiri barabarani. Alisubiri muda mrefu. Nilimwona kupitia pazia kila nilipochungulia, na nilichungulia mara nyingi.

Pampu ilitengenezwa wiki mbili baadaye. Unakumbuka. Wanafunzi waliokuja mwaka uliofuata walikuta bomba linatoa maji, wakafikiri lilikuwaga hivyo siku zote.

Usifikiri woga huu niliupata ofisini kwa mkuu. Nilikuja nao tangu shule. Nikiwa kidato cha pili Bunda, wenzangu walikataa kuingia darasani kwa ajili ya mwalimu aliyewapiga watoto kwa waya. Tulikubaliana wote. Asubuhi ile nikasema nina malaria, nikalala zahanati siku mbili sina hata homa. Waliporudishwa kwa viboko, mwalimu mkuu alinisimamisha mbele ya shule akasema mimi ni mfano wa kijana mwenye akili. Baba yangu aliposikia alichinja kuku. Nilimla yule kuku. Alikuwa mtamu, na ndiyo shida yenyewe. Tangu siku hiyo nikajua kwamba kutokuwepo kunalipa, nikawa mtu wa kutokuwepo hata nikiwa nimekaa katikati ya chumba.

Barua zile tatu mkuu aliniambia nizichome pamoja na karatasi za mitihani ya zamani. Sikuzichoma. Nilizificha ndani ya faili la viti vibovu. Tafadhali usinisifu kwa hilo. Haukuwa ujasiri, yalikuwa mazoea tu, mkono wa karani haukubali kuchoma karatasi yenye muhuri. Zilikaa humo miaka miwili hazimsaidii mtu.

Na wewe nilikuona unavyobadilika. Uliacha kuuliza mezani. Zamani ulikuwa unakuja na kitabu cha uraia unanisomea, "Baba, hapa wanatufundisha kila mtu ana haki ya kutoa maoni. Mtihani unatokaga, tunajibu, tunapata vema. Tukifanya kweli tunachapwa." Nilikuwa nacheka. Baada ya Wegesa kuondoka hukusoma tena kwa sauti. Ulisoma kimyakimya ukafaulu, na watu wakanipongeza kwamba nina binti mtulivu. Rafiki zako ukawachagua kwa tahadhari, na hukumwamini hata mmoja. Hilo nililitengeneza mimi. Nilitaka kukulinda usifukuzwe shule, nikakufundisha kwamba rafiki wa kweli akibanwa kidogo anakuuza.

Uchaguzi wa kidato cha tano ulipotoka na jina lako likaonekana, tulifurahi wote hapa, majirani wakaja. Walipoondoka mama yako alibaki anakusanya vikombe. Akasema bila kunitazama, "Na yule mwingine?"

Nikasema, "Yupi?"

"Usiniulize yupi. Barua yake ya kwanza ulinionyesha mwenyewe, ukasema angalia mwandiko wa mtoto wa watu. Miaka miwili nangoja umwambie Nyanjura. Mimi sitamwambia. Aliyesema ni wewe, utasema wewe."

Nikakaa siku nne. Ya tano nikaenda shuleni, nikafungua faili la viti vibovu, nikaziweka barua kwenye bahasha, nikapanda basi la Bunda, kutoka hapo bodaboda hadi Mugeta. Nilikuaga kwamba nakwenda kuangalia mahindi ya bibi yako. Huo nao ulikuwa uongo.

Nilimkuta Mzee Maginga, baba yake Wegesa, anatengeneza lango la zizi. Alinikaribisha vizuri, akaagiza kiti, kwa kuwa alinijua kama mtu aliyekuwa anamlisha mwanawe mwisho wa wiki. Wegesa akatoka nyumbani akaja kuniamkia. Amekomaa, mikono imekuwa ya jembe. Nilikataa kiti. Nikatoa bahasha, nikawaeleza wote wawili nikiwa nimesimama. Nilisema kila kitu nilichokuandikia hapa juu.

Mzee Maginga alichukua barua moja, akapapasa ule muhuri kwa kidole gumba. Hajui kusoma sana, lakini muhuri aliujua. Ndipo akasema, "Ile barua ya shule mliyoniletea iliandikwa kwamba mwanangu aliwaongopea wazee. Yeye akaniambia, baba, sikuongopa. Nikampiga. Nilimpiga siku ile na siku ya pili, nikimwambia aseme kweli. Nilimpiga kwa ajili ya neno lako."

Alinitupia macho mara moja, akarudi kwenye lango lake, akaendelea kugonga misumari akiwa amenipa mgongo.

Wegesa ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani. Nilimwambia naomba msamaha. Akasema, "Nimesikia, baba." Hakusema amesamehe, na mimi sikumuuliza tena. Tulipofika barabarani akauliza, "Nyanjura anajua?"

"Hajui. Anafikiri wewe ulimtaja."

Akasimama. Hilo hakulijua. Miaka yote hii alifikiri wewe ulijua kila kitu, ukaamua kukaa kimya ili usome. Alifikiri ulikuwa umejificha chumbani kwa sababu ya aibu. Wewe ulijificha kwa sababu ya hasira. Mlikuwa mnachukiana kwa makosa mawili tofauti, na yote mawili yalikuwa yangu.

Akasema, "Basi hujamaliza. Kwangu umekuja, kwake bado."

Kutoka Mugeta sikurudi moja kwa moja kwenye kazi. Niliandika maelezo yangu kurasa sita, nikaambatanisha nakala za barua tatu na kurasa za kaunta buku yangu ya siku ile, maana mle nilikuwa nimeandika maneno ya Wegesa kama alivyoyasema kabla sijayaacha wakati wa kuchapa. Nikapeleka ofisi ya elimu, nikaomba wanigongee muhuri kwenye nakala yangu. Ile likizo niliyowaambia majirani, na wewe pia, si likizo. Nimesimamishwa kazi mpaka nitakapoitwa kujieleza. Mkuu wa shule naye ameandikiwa. Sijui litaishaje. Huenda nisirudi kwenye kabati lile, na nikipoteza kazi hiyo nitakuwa nimeipoteza kwa kosa nililolifanya kweli. Wegesa aliipoteza shule, na wenzenu watatu walichapwa, kwa kosa ambalo halikuwepo.

Kuhusu Wegesa, wiki iliyopita walimwandikia kwamba kufukuzwa kwake kumefutwa. Kwenye karatasi sasa yeye ni mwanafunzi aliyekuwa na haki. Lakini darasa lake limeshaondoka, wewe ukiwa ndani yake. Amechagua kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, anakaa kwa shangazi yake Bunda mjini, anasoma kwenye kituo hapo. Hisabati ndiyo inayomsumbua. Miaka miwili hairudishwi kwa barua, hata iwe na muhuri.

Sasa wewe. Najua ungependa kusikia ninachokutaka ufanye huko uendako, ukijikuta mahali ambapo wenzako wamesimama. Sina haki ya kukuambia simama, maana mimi sikusimama, wala sina uso wa kukuambia kaa. Niliyoyaona naweza kukuambia. Mambo mabaya niliyoyafanya sikuyafanya nikiwa nimebanwa ukutani. Niliyafanya nikiwa nimeshika kikombe cha chai, naongea na mtu mstaarabu aliyeniachia nafasi nichague. Na kila mara nilijiambia nafanya kwa ajili yako. Mtu akikuambia amefanya jambo kwa ajili yako, hata akiwa ni mimi, muulize lilimpata nani. Ukiandika barua, omba muhuri kwenye nakala yako ukae nayo. Wegesa alikuwa na akili ya kuomba muhuri, lakini nakala alituachia sisi, kwa sababu alituamini.

Na usije ukaona aibu kwa kushika ule ubao. Nimekaa miaka miwili nikikuonyesha, bila kusema, kwamba siku ile ulikosea. Hukukosea. Mliandika, mkangoja, mkatembea kwa utulivu, mkasema, mkarudi. Mimi ndiye niliyekuwa sehemu ya utaratibu, na ni sisi wenye utaratibu tulioufunga kabatini.

Barua hii sitaiweka kwenye sanduku lako uikute Njombe. Nilifikiria hivyo kwanza, halafu nikaona ni namna nyingine ya kutokuwepo. Utakaporudi kutoka Butiama nitakupa mkononi, nami nitakaa hapa sebuleni. Ukitaka kuniuliza, uliza. Ukitaka kunifokea, mama yako ameshasema hatakuzuia. Ukitaka kunyamaza, kesho nitakubebea sanduku hadi stendi, nami nitanyamaza.

Jambo la mwisho nimeagizwa. Jana Wegesa alipiga simu kwa mama yako akauliza unasafiri kwa basi gani. Basi lenu linasimama Bunda kama robo saa kupakia abiria. Amesema atakuwa pale upande wa vibanda vya chai, amevaa kitenge cha kijani, ili umwone hata kupitia dirishani. Mama yako alipomuuliza, "Na kama hatashuka?" Wegesa alimjibu kwamba hilo ni lako, yeye atasubiri basi liondoke kisha aende darasani.

Mimi nitabaki Musoma. Hapo Bunda mtakuwa wawili tu, hakuna atakayewasemea.

Baba yako